Leseni ya Dereva wa Basi la Shule: Mwongozo Kamili kwa Madereva na Shule za Arusha

Dereva anayetafuta kazi ya basi la shule hapa Arusha mara nyingi huanza kwa kuuliza mshahara, na shule inayomtafuta dereva huanza kwa kuuliza uzoefu. Baada ya miaka mingi ya kusimamia usafiri wa wanafunzi, nimefikia uamuzi kwamba pande zote mbili zianze na idadi ya viti vya gari lenyewe. Daraja la leseni hutokana na viti, na kutoka hapo hufuata mafunzo, mitihani, miaka ya kusubiri na karatasi nyingine zote. Nimeandika mwongozo huu kwa dereva anayetaka kufika kwenye usukani huo kwa njia halali, na kwa mkuu wa shule au msimamizi wa usafiri atakayepokea leseni yake mezani na kulazimika kuamua kama inatosha.

Hatua ya kwanza: hesabu viti, kisha soma daraja

Kwa utaratibu wa leseni za Tanzania, magari ya kubeba abiria yako katika daraja C na matawi yake, na hesabu hufanywa bila kumjumuisha dereva. Daraja C3 ni la gari lenye abiria wasiozidi wanne. Daraja C2 ni la gari linalobeba abiria wanne au zaidi lakini wasiozidi 15, na hapa ndipo Hiace nyingi za shule zinapoangukia. Daraja C1 ni la gari la kuanzia abiria 15 ambalo halifikii abiria 30, na Coaster na Rosa nyingi tunazoziona asubuhi kutoka Njiro, Moshono na Sakina ziko humo. Daraja C kamili ni la gari la abiria 30 na kuendelea. Gari likiwa kwenye mpaka wa madaraja mawili, ushauri wangu ni kulichukulia kuwa la daraja la juu, kwa sababu mabishano juu ya kiti kimoja hayana faida yoyote siku ambayo mtoto ameumia.

Madaraja mawili huleta mkanganyiko zaidi ya mengine. Daraja D humruhusu mtu kuendesha magari ya kawaida, lakini si magari ya biashara, mazito wala ya abiria. Daraja E huruhusu magari mazito, ila si ya abiria. Nimewapokea madereva wa malori ambao wamevuka mlima Sekenke usiku wakiwa na shehena nzito, watu wenye ujuzi ambao sina shaka nao hata kidogo, lakini leseni zao ziliishia E. Dereva wa namna hiyo haruhusiwi kulitoa basi la wanafunzi getini mpaka daraja la abiria liongezwe kwenye leseni yake, hata kama safari ni ya kilomita mbili tu.

Viti vihesabiwe kwa kuingia ndani ya gari. Usikubali kuambiwa kwamba Coaster zote zinalingana, kwani hazilingani. Zipo zilizofika na viti 26 na baadaye zikaongezewa vile vya kukunja vya katikati kwa fundi, na zipo zilizoondolewa kiti cha nyuma ili mabegi yapate nafasi. Mimi huingia na kipande cha chaki, naanzia mlangoni na kuandika namba nyuma ya kila kiti hadi nifike dirisha la mwisho. Nikishuka, nalinganisha hesabu yangu na iliyoandikwa kwenye kadi ya gari. Zikitofautiana, kazi husimama hapo hapo mpaka tofauti ielezwe na kurekebishwa. Vilevile nisingependa kusikia tena ule utetezi kwamba watoto ni wadogo, kwa hiyo watatu wanaenea kwenye kiti cha wawili. Mtoto wa darasa la kwanza ni abiria kamili, na basi linapofunga breki ghafla, yule aliyekaa ukingoni mwa kiti ndiye wa kwanza kuruka.

Hatua ya pili: fahamu ngazi na miaka yake

Hakuna anayeanza na daraja C. Mwanafunzi wa udereva huanza na leseni ya muda ya kujifunzia, akiwa na mwalimu pembeni na alama ya L kwenye gari, na baada ya kufaulu hupata daraja D. Ili aombe C1, C2, C3 au E, ni lazima awe ameshikilia daraja D kwa muda usiopungua miaka mitatu. Ili aombe daraja C kamili, awe ameshikilia C1 au E kwa miaka mingine isiyopungua mitatu. Kwa hiyo kijana aliyepata daraja D akiwa na umri wa miaka 18 hawezi kuwa na C1 kabla ya kufika miaka 21, wala hawezi kukabidhiwa basi la viti 40 kabla ya kufika 24. Shule ikiletewa leseni ya daraja C ya kijana wa miaka 22, hesabu hiyo peke yake inatosha kuifanya iulize maswali zaidi.

Kwa madereva vijana, ningeshauri miaka hiyo mitatu ya kwanza isipite bure. Tafuta kazi ya gari dogo yenye mkataba wa maandishi, tunza barua za waajiri, na epuka faini, kwa sababu kumbukumbu hizo ndizo utakazozionyesha utakapoomba kupanda daraja na baadaye utakapoomba kazi shuleni.

Hatua ya tatu: macho na afya

Uchunguzi wa afya, hasa wa macho, ufanywe kwa uaminifu katika hospitali inayotambulika. Dereva aliyeambiwa avae miwani aivae kila siku, na shule ihakikishe anayo jozi ya akiba kazini. Asubuhi za Juni na Julai, ukungu unapotanda barabara za juu kuelekea Ilboru na jua likichomoza usawa wa macho kwa anayeelekea mashariki, udhaifu mdogo wa kuona ambao mtu anaweza kuishi nao nyumbani huwa hatari kubwa akiwa nyuma ya usukani. Dereva mwenye kisukari, shinikizo la damu au kifafa amweleze daktari ukweli wote. Shule nayo isimwadhibu kwa kusema ukweli, kwa kuwa dereva akishajua kwamba atafukuzwa akisema, hatasema.

Hatua ya nne: mafunzo, mtihani wa polisi na malipo ya TRA

Kwa daraja la abiria, kujua kuendesha hakutoshi, kwani yanahitajika pia mafunzo ya udereva wa magari ya abiria, ambayo wengi tunayaita kozi ya PSV. Hutolewa na vyuo vinavyotambulika, vikiwemo Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, kilichoko Dar es Salaam, na vyuo vya VETA. Kabla ya kulipa ada ya chuo chochote cha mtaani, nenda kwenye ofisi ya trafiki ya mkoa ukaulize kama cheti chake kinakubalika. Ni swali la dakika tano linaloweza kukuokolea fedha za miezi kadhaa.

Ukiwa na cheti, hatua inayofuata iko kwa Jeshi la Polisi, Kikosi cha Usalama Barabarani. Askari mtahini atakupima alama na sheria za barabarani, kisha kwa vitendo barabarani, na ukifaulu utapewa uthibitisho wa umahiri wako kwa daraja uliloomba. Baada ya hapo maombi huenda Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, ambayo ndiyo inayotoa kadi yenyewe. Andaa kitambulisho cha NIDA, namba ya mlipakodi yaani TIN, leseni ya zamani na vyeti vyako, na hakikisha majina yamefanana herufi kwa herufi kwenye karatasi zote. Nimeona maombi yakikwama kwa sababu cheti kimeandikwa Emanuel na NIDA imeandikwa Emmanuel. Utapewa namba ya malipo, utalipa kwa benki au kwa simu, kisha utapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Tangu Julai 2019 leseni ya udereva hudumu miaka mitano badala ya mitatu, na ada yake ilipandishwa wakati huo kutoka shilingi 40,000 hadi 70,000.

Hapa lazima niseme jambo kuhusu vishoka. Karibu na kila ofisi ya serikali yenye foleni utamkuta mtu mkarimu anayejua jina la kila karani na anayekuahidi daraja C ndani ya wiki moja bila mtihani. Dereva anayekubali ahadi hiyo anapoteza fedha, na zaidi ya fedha anajiweka katika kosa la jinai la kutumia hati iliyopatikana kwa udanganyifu. Lakini linaloniumiza zaidi ni jingine. Mtihani aliouruka ndio ambao ungemfundisha kwamba basi lililojaa halisimami kwa umbali ule ule ambao gari tupu linasimama. Malipo yote halali hupitia namba ya malipo ya serikali, na mtu akikutaka umpe fedha mkononi, rudisha mkono wako mfukoni na uondoke.

Hatua ya tano: kuthibitishwa na LATRA

Madereva wengi wakishika kadi ya TRA hudhani safari imekwisha. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019 na kuchukua majukumu ya iliyokuwa SUMATRA, ina kanuni zake za mwaka 2020 za kuthibitisha madereva na kusajili wahudumu wa vyombo vya usafiri wa kibiashara. Kwa utaratibu huo, dereva hujisajili, hufanya mtihani wa LATRA kwenye kompyuta, na akifaulu huthibitishwa na kuingizwa kwenye kanzidata. Katika mabasi yaliyofungwa mfumo wa kufuatilia mwenendo wa magari, dereva hupewa pia kitufe cha kumtambulisha, hivyo mwendo kasi ukitokea hujulikana ni nani alikuwa kwenye usukani.

Mtu aliyezoea kuendesha lakini hajazoea kompyuta asione aibu. Amwombe kijana wake nyumbani amfundishe kushika kipanya na kuchagua jibu siku mbili kabla ya mtihani. Namfahamu dereva mmoja mtu mzima, stadi kweli kweli, aliyeshindwa mara ya kwanza kwa sababu tu mkono ulimtetemeka na muda ukaisha, na aliporudi baada ya kufanya mazoezi kwenye kompyuta ya shule alifaulu bila shida.

Hatua ya sita: karatasi za gari

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa jukumu ni la mmiliki zaidi kuliko la dereva. Basi liwe na leseni ya usafirishaji ya LATRA inayolingana na kazi ya kubeba wanafunzi, taarifa ya ukaguzi wa polisi, na bima hai ya gari la abiria. Stika ya bima ihakikiwe kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, kwani stika bandia zipo. Hata hivyo dereva naye ana haki na wajibu wa kuziona karatasi hizi kabla ya kupokea funguo, kwa sababu barabarani atakayesimamishwa ni yeye. Mwajiri akimjibu kwamba hayo hayamhusu, dereva amepata dalili ya kutosha kuhusu namna atakavyotendewa siku ya matatizo.

Hatua ya saba: shule inapompokea dereva

Leseni mkononi si mwisho wa uchunguzi. Omba kadi halisi, usiridhike na nakala. Soma sehemu ya madaraja na tarehe zake moja baada ya nyingine, kisha linganisha na hesabu ya viti uliyoifanya katika hatua ya kwanza. Ingiza namba ya leseni na namba ya gari kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi wa kukagua madeni ya makosa ya barabarani, maarufu kama TMS. Faini moja ya shilingi 30,000 iliyosahaulika haimfanyi mtu kuwa dereva mbaya, lakini faini sita za mwendo kasi katika mwaka mmoja zinasimulia habari nyingine. Mpigie mwajiri wake wa awali, omba cheti cha tabia njema kutoka polisi, na andikeni mkataba unaozingatia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, ambayo inaweka saa za kawaida za kazi kuwa zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Dereva anayeamka saa kumi alfajiri na kurudisha basi saa kumi na mbili jioni lazima apewe mapumziko ya kweli mchana, na mapumziko hayo yasigeuzwe kuwa muda wa kutumwa sokoni kununua mahindi ya jikoni.

Kisha mpeleke barabarani, basi likiwa halina watoto. Jaribio langu ni rahisi. Naweka chupa ya maji iliyojaa nusu, wima, sakafuni kwenye mstari wa nyuma kabisa, nami nakaa kiti cha nyuma yake. Tunapanda kuelekea Ilboru, tunageuza na kushuka. Dereva anayejua kazi hushuka kwa gia ndogo, akiiacha injini ilishike gari na kutumia breki kidogo kidogo, na chupa ile hufika chini ikiwa imesimama. Asiyejua hushuka kwa gia kubwa huku ameikalia breki, na kabla hatujafika lami kuu harufu ya breki iliyochomeka imeshajaa ndani na chupa inabingirika miguuni pangu. Mpaka wa mwendo wa mabasi ya abiria ni kilomita 80 kwa saa, na 50 katika maeneo ya makazi yenye alama, lakini kwenye mteremko wenye kona hata 40 inaweza kuwa nyingi.

Nasisitiza mteremko kwa sababu mkoa wetu una kidonda. Tarehe 6 Mei 2017, basi lililokuwa likiwapeleka wanafunzi wa darasa la saba kutoka Arusha kwenda Karatu kufanya mtihani wa ujirani mwema lilitumbukia korongoni Rhotia. Walifariki wanafunzi 32, walimu wawili na dereva, na watoto watatu ndio walionusurika. Kila ninapofungua faili la dereva mpya huwa naikumbuka asubuhi ile.

Mpime dereva vilevile kuhusu maji. Muulize atafanya nini akikuta korongo linatiririka juu ya daraja wakati wa masika, watoto wakiwa ndani na wazazi wanapiga simu kuuliza wamefika wapi. Jibu linalokubalika ni moja: anasimama upande aliopo, anazuia watoto wasishuke kwenda kutazama, anaipigia shule, na anasubiri au anarudi. Akianza kueleza jinsi anavyoweza kupima kina kwa macho, msimwajiri. Tarehe 12 Aprili 2024, gari la wanafunzi lilisombwa na mafuriko eneo la Engosengiu, kata ya Sinoni, jijini humu, na watoto wakapoteza maisha.

Jambo la mwisho la kumfundisha siku ya kwanza ni kutembea. Safari ikiisha, azime injini, atoe funguo, atembee kutoka mbele hadi nyuma akigusa kila kiti na kuinama kuangalia chini yake, ndipo afunge mlango. Mtoto wa chekechea akilala huteleza chini na kujikunja kama sweta lililoanguka, na ukisimama mlangoni huwezi kumwona. Mhudumu wa basi afanye vivyo hivyo baada yake, na wote wawili watie saini daftarini.

Hatua ya nane: dereva wa akiba

Mambo yote niliyoeleza yanaweza kuvunjika alfajiri moja tu. Katika shule moja niliyowahi kufanya kazi, dereva wetu aliyekamilika kwa kila hali aliamka na homa, akamtuma rafiki yake kama deiwaka, yaani dereva wa kushikia kwa siku moja, ili asimwangushe mwajiri. Rafiki huyo alikuwa na nia njema na leseni ya daraja D. Aliwachukua watoto 27, akawafikisha salama, na hakuna aliyejua mpaka mzazi mmoja alipouliza yule kaka mpya anaitwa nani. Nililaumiwa, na lawama ilikuwa halali, kwa kuwa sikuwa nimeweka utaratibu wa siku ya namna hiyo, na dereva aliona hana njia nyingine.

Tangu hapo, kila basi ninalolisimamia lina dereva wa akiba aliyepitia hatua zote saba, mwenye mkataba na malipo ya kila siku anayoitwa. Leseni za wote wawili zimeandikwa kwenye daftari pamoja na tarehe za kuisha, na maandalizi ya kuhuisha huanza miezi mitatu kabla. Leseni ikipotea, dereva huchukua taarifa ya upotevu polisi siku hiyo hiyo na kuomba nyingine TRA, naye hakai kwenye usukani mpaka awe na hati ya kuonyesha. Dereva akiugua, anampigia msimamizi kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na msimamizi ndiye anayemwita wa akiba. Wa akiba naye asipopatikana, basi halitoki, na wazazi wanapigiwa simu mmoja mmoja waambiwe wawalete watoto wenyewe, hata wakikasirika.